Mashua ya futi 23 na wiki mbili mferejini: usiku tufunge wapi?

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi na mume wangu tunaishi Milton Keynes, Uingereza. Tumenunua mashua ndogo ya faiba, futi 23, mashine ya nyuma. Agosti tunataka kutoka hapa na watoto wetu wawili, tupande mfereji wa Grand Union hadi Braunston, tuingie Oxford Canal tufike Banbury, kisha turudi. Wiki mbili. Mimi kwetu Kilifi, mume wangu ni wa Kisumu, kwa hiyo maji hatuyaogopi. Kinachoninyima usingizi ni hiki: jioni ikifika, mashua tunaifunga wapi? Tuweke nafasi mapema kama hoteli? Tunalipa? Na tukikosa nafasi, ndiyo tuzunguke usiku kucha?

JIBU: Marahaba, dada. Nianze na la mwisho kwa kuwa ndilo linalokukesha: hapana, hamtazunguka usiku kucha. Mfereji si hoteli, wala si maegesho ya magari mjini. Sehemu kubwa ya njia mnayokwenda kupita mnaweza kufunga, ila pale palipokatazwa. Wageni wengi huingia mferejini wakitafuta kibao cha kuwaambia "funga hapa", wanapita nafasi nzuri kumi bila kuziona, halafu saa moja jioni wanaanza kugombana. Nyinyi tafuteni kinachokataza. Kama hakipo, na mashua imefika ukingoni, hapo ni penu kwa usiku huo.

Ruhusa hiyo ina mwenyewe. Mifereji yote miwili iko chini ya Canal & River Trust, taasisi ya hisani iliyopokea mifereji ya England na Wales kutoka British Waterways mwaka 2012. Ukiwa na leseni yao, bima, na cheti cha usalama wa mashua kinachotolewa upya kila miaka minne, unaweza kufunga upande wa njia ya farasi hadi siku 14 mfululizo mahali pamoja bila kulipa. Siku hizo 14 zimetajwa hata katika sheria ya British Waterways ya mwaka 1995. Nyinyi mnaosogea kila siku hamtazifikia. Nachukulia karatasi hizo tatu mnazo. Kama bado, acha kusoma hapa ukazishughulikie kwanza.

Njia ya farasi ndiyo ile njia ya miguu inayofuata mfereji. Farasi walipita hapo wakikokota mashua za mizigo kwa kamba, zamani kabla ya injini. Iko upande mmoja tu, na mahali pengine inavuka darajani kwenda upande wa pili, kwa hiyo itazame kwenye ramani kila asubuhi kabla hamjaondoka. Ng'ambo yake mara nyingi ni ardhi ya watu: bustani, mashamba, gati za watu binafsi. Huko usifunge bila kuuliza, hata kama pako wazi na panavutia. Baa zenye gati lao upande huo hukubali mteja alale, lakini ingia ndani uulize kabla hujaagiza chakula.

Vibao vipo zaidi vijijini na karibu na miji, kwenye nafasi za wageni. Kimoja kitasema saa 24, kingine saa 48, kingine siku 7. Vingi ni bure kwa muda huo. Ukizidisha, baadhi ya maeneo hutoza pauni 25 kwa siku. Mwanzo na mwisho wa eneo huwa na alama, na mgeni hukosea hapo: anasoma kibao cha katikati, hatembei kuona kilichoandikwa mbele. Mtumeni mmoja wa watoto atembee hatua hamsini kila upande. Watoto wanaipenda kazi hiyo, nanyi mnapata nafasi ya kupumua.

Sasa yale yaliyokatazwa, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mashua ndogo ina namna yake ya kukosea. Karibu na kila loki (vile vyumba vya maji vyenye milango ya kupandisha na kushusha mashua) kuna gati fupi lenye vigogo vya kufungia, imara, vimepakwa rangi, vinakuita kabisa. Hivyo si vya kulala. Ni vya mtu anayeshuka kwenda kufungua milango, na ukivikalia, mwenye mashua ya chuma ya futi 60 nyuma yako hana pa kushikia na upepo unamsukuma. Bomba la maji la kujazia matangi ni vivyo hivyo: jaza, ondoka. Kuna pia sehemu ambapo ukingo wa ng'ambo umechimbwa ukatokeza kama tumbo. Wewe na futi 23 zako unageuza popote, kwa hiyo tumbo lile hutaliona ni kitu. Lakini mashua ya futi 70 hugeukia hapo tu: omo (mbele ya mashua) inaingizwa kwenye tumbo, tezi (nyuma yake) inazunguka hadi inakaribia kugusa ukingo wa upande wako. Ukifunga mkabala wake, utaamshwa na chuma cha tani 20 kikiingia jikoni. Kwenye kona kali, mdomoni mwa daraja, penye makutano ya mifereji na mahali ambapo mashua mbili hazipishani nanyi mmo, piteni.

Ukingo wenyewe ni wa aina tatu, na kila aina ina chombo chake. Kuna wenye pete au vigogo vya kudumu: pitisha kamba, kazi imekwisha. Kuna uliozuiwa kwa mabati mazito ya chuma yenye mawimbi, kama mabati ya kuezekea lakini manene, na juu yake kuna chuma kinachokwenda mlalo. Hapo mnahitaji kulabu mbili za kuchomeka nyuma ya chuma hicho. Ni vitu vidogo, bei yake si kubwa, na aliyezizoea hataki tena habari ya nyundo. Aina ya tatu ni udongo na nyasi tu, na hapo ndipo vigingi vya chuma vinapoingia. Chukueni vinne, si viwili, na nyundo nzito. Kigingi kisipigwe wima. Kilazwe, kichwa kikiegemea upande usio wa mashua, ili kamba ikivuta izidi kukizamisha badala ya kukichomoa. Kikae ukingoni kabisa, kamba isikate njia ya watu. Kisha kivisheni mfuko mweupe wa plastiki au mpira wa tenisi uliotobolewa. Waendesha baiskeli hupita pale alfajiri kama wanafukuzwa.

Kabla ya kamba yoyote, pimeni kina. Kwenu Kilifi ukingo wa mkondo unaweza kuzama ghafla. Mfereji umejengwa kama bakuli, katikati kirefu, pembeni matope. Toa upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mashua, chomeka ubavuni unapokaribia. Ukikuta matope kabla mashua haijagusa ukingo, usilazimishe. Rudi kinyumenyume katikati, jaribu mita ishirini mbele. Mashua yenu inakaa juu juu, mtapata nafasi ambazo sisi wa chuma tunazitazama tu kwa wivu.

Mimi nilijifunza hili kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza nilifunga jioni kati ya loki mbili zilizokaribiana, maji yamejaa, nikakaza kamba vizuri kama baba alivyonifundisha Pangani. Milango ya loki ya chini ilikuwa inavuja. Saa tisa usiku birika liliteremka lenyewe kutoka kwenye jiko likapita mbele ya kitanda. Nikatoka nje: maji yamepungua kiasi cha mkono mmoja, ubavu mmoja umekalia kingo ya mawe iliyokuwa imefichika chini ya maji, mwingine unaning'inia kwenye kamba zangu nzuri. Mferejini hakuna kupwa na kujaa, lakini kuna milango mibovu, na kipande kifupi cha maji kati ya loki mbili kinaweza kukauka kabla ya alfajiri. Tangu siku ile silali kati ya loki za mfululizo. Nyinyi mtapita ngazi za loki saba Stoke Bruerne, saba Buckby, sita Braunston, tisa Napton, tano Claydon. Kila moja imalizeni yote au msiianze.

Na kamba? Moja ya omo, moja ya tezi, zote zikitanuka kwenda nje, ya mbele ikielekea mbele na ya nyuma nyuma, kama nyuzi 45 hivi kutoka ukingoni. Zikaze kiasi. Mashua inayopita huvuta maji, na mashua nyepesi kama yenu ikiwa na kamba legevu inakwenda mbele, inarudi, inakwenda, mpaka kigingi kinalegea. Kamba ya katikati ni ya kushukia tu. Ukishafunga hizo mbili, ilegeze, kwa sababu inavuta kutoka juu na inainamisha mashua. Ncha ya kila kamba ipitishwe kwenye pete au kigingi irudi ifungwe ndani ya mashua. Asubuhi mnafungua bila kukanyaga nje kwenye umande, na vijana wa mjini wakija usiku kufungua kamba za watu kwa mchezo hawakuti fundo.

Kitu ambacho hakiandikwi kwenye ramani ni saa. Kwa mapendekezo yangu, kiangazi anzeni kutazama ukingo saa tisa alasiri, muwe mmefunga saa kumi. Wenye mashua za kukodi huanza kusimama saa kumi na moja, na wote wanataka sehemu ileile karibu na baa. Ili ujue saa tisa mtakuwa wapi, chukua maili za siku hiyo, jumlisha na idadi ya loki, gawa kwa tatu: hayo ni masaa. Maili sita na loki tisa ni masaa matano. Hesabu hiyo haijumuishi mtoto aliyeangusha kiatu majini. Mwendo usiozidi maili nne kwa saa ndio sheria, na mbele ya mashua zilizofungwa ni chini ya hapo, injini ikinguruma tu. Safari yenu nikiipima juu juu, kwenda na kurudi kila siku ni kama masaa matano. Inawezekana, ila siku ya kupumzika mtaitafuta kwa tochi.

Njiani sasa. Stoke Bruerne ni pazuri, pana jumba la makumbusho ya mfereji, kwa hiyo panajaa. Ukifika mchana, simama, watoto wale aiskrimu, kisha amua kama mnaingia handaki la Blisworth siku hiyohiyo. Lina urefu wa mita 2,800 na zaidi kidogo, na humo hakuna kusimama. Mbele zaidi, karibu na Whilton kuelekea loki za Buckby, mfereji, reli kuu, barabara ya A5 na ile kubwa ya M1 vinabanana kama ndugu kwenye kitanda kimoja. Vibao havikatazi kufunga. Masikio yatakataza. Nimewahi kulala pale mara moja kwa ubishi, na mpaka leo naiona ile asubuhi.

Braunston ndipo mahali pa kupanga kwa akili. Grand Union na Oxford vinakutana pale, na kila mwenye mashua katikati ya Uingereza anaonekana ana shughuli Braunston. Mkishuka loki sita mtakuta mashua zimepangana kijiji kizima. Msikate tamaa na msijibane. Pindeni kushoto kwenye makutano, endeleeni kuelekea Napton: mtaingia kwenye mashamba yenye kondoo, na usiku kimya kabisa isipokuwa bata. Bata hao, nikuonye, hula majani yaliyoota ubavuni mwa mashua. Kwenye faiba inasikika kama mtu anabisha hodi usiku wa manane kwa kidole kimoja.

Baada ya loki za Napton mnafika juu, kwenye maili 11 hivi zisizo na loki hata moja hadi Claydon. Mfereji huu ulichorwa na James Brindley akifuata mwinuko wa ardhi, hakutaka kuchimba wala kujenga zaidi ya lazima, kwa hiyo unajipinda mpaka shamba mliloliacha mkono wa kulia mnalikuta tena mkono wa kushoto. Kwenye kona hizo msifunge. Subirini palipo nyooka. Kipande karibu na Fenny Compton kilichokuwa handaki zamani, kikaja kufunuliwa, bado ni chembamba, mpite moja kwa moja. Kiangazi kikiwa kikavu maji huko juu hushuka, hapo upondo utawalipa gharama yake.

Kisha Cropredy. Umesema Agosti, nami nimeshtuka kidogo. Kijiji hicho huwa na tamasha kubwa la muziki, kwa kawaida wiki ya pili ya Agosti, na mashua hufungwa siku kadhaa kabla, maili nzima na zaidi pande zote za kijiji. Kama tarehe zenu zinaangukia hapo, ama mfike Banbury kabla, ama mbaki nyuma Fenny Compton mpaka watu watawanyike. Banbury yenyewe ina nafasi za wageni katikati ya mji, kando ya maduka, zenye muda maalumu. Mchana ni raha: sokoni, maji, taka. Usiku wa Ijumaa na Jumamosi mimi ningesogea nje ya mji, maana watu hutoka baa wakipita kwenye njia ya farasi na mashua ndogo inawachekesha.

Kuweka nafasi mapema, basi, ni lini? Kwenye marina, ukitaka umeme, bafu na geti linalofungwa: piga simu, wanatoza kwa usiku. Na London, ambako baadhi ya gati za katikati hutolewa kwa kuweka nafasi, na kwingineko utakuta mashua mbili mbili zimefungwa ubavu kwa ubavu. Safari yenu haifiki huko. Wala haifiki mto Thames, lakini mwaka kesho mkivuka Oxford mkaingia mtoni, sahau haya ya siku 14 na ya njia ya farasi. Kule kuna mamlaka nyingine, ukingo mwingi una wenyewe, maji yanapanda kwa mvua na kamba lazima ziachiwe nafasi. Niandikie wakati huo.

Udogo wa mashua yenu ni baraka mara nyingi. Pengo la futi 26 kati ya mashua mbili za chuma, ambalo kila mtu amelipita, ni lenu. Punguza mwendo, inua mkono, uliza kama mnaweza kujibana. Mara nyingi mwenyeji atatoka na kikombe chake cha chai ashike kamba. Lakini wekeni dafrao (mito ya kukinga ubavu) nzuri pande zote, zining'inie chini karibu na maji, kwa sababu faiba ikigombana na chuma hakuna sare. Msifunge kamba kwenye miti, wala msilale chini yake mkiweza: utomvu, mavi ya ndege, na paneli ya jua haipati kitu. Injini ya kuchajia betri izimwe saa mbili usiku hadi saa mbili asubuhi, hiyo ni kanuni. Na kengele ya gesi ya sumu ya kaboni iwe ndani na iwe inalia mkiijaribu, hasa mkiwa mmefunga madirisha kwa baridi na kuna jiko linawaka.

Usalama kwa jumla? Mimi nalala vizuri zaidi mferejini kuliko nilivyolala kwenye ghorofa. Funga palipo na mashua nyingine moja au mbili, usiache baiskeli juu, na kama mahali pamekukaa vibaya moyoni, ondoka kabla ya giza bila kujadiliana na nafsi. Maili moja mbele ni dakika ishirini tu.

Limebaki moja ambalo hukuuliza. Umenipa urefu wa mashua, hukunipa upana. Loki za Grand Union hadi Braunston ni pana, futi 14, zitawameza bila kuwagusa. Kuanzia Napton ni nyembamba, futi 7, na mashua za faiba nyingi zilijengwa pana kuliko hapo. Ikizidi futi 6 na inchi 10, Banbury hamfiki. Badala ya kupanda Napton, mtabaki Grand Union na kuelekea Warwick, ambako loki ni pana na haya yote ya kufunga ni yaleyale. Chukueni futi ya fundi mpime penye upana zaidi, ukanda wa mpira wa ubavuni ukiwemo, na mkifika Napton dafrao zote ziwe zimeinuliwa ndani kabla omo haijaingia lokini.